Masikio ya Kuazima

Mwanangu Tekla,

Shikamoo yako ya asubuhi sijaijibu mpaka sasa. Ulipita mlangoni mwa studio na ndoo, mimi nimeinama nyuma ya mashine, na mama yako ndiye aliyenieleza baadaye kwamba uliniamkia mara mbili ukaenda zako. Basi marahaba, mwanangu. Marahaba mbili.

Naandika nikiwa humu studio, nimekalia kiti chako, jioni hii ambayo wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako. Nimeizima mashine sasa hivi na nasubiri ipoe ndipo niifunike. Unajua mwenyewe kwamba haipoi upesi. Kwa hiyo muda ninao, na nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kupambapamba maneno. Mambo ya sweta, ya kulichunga begi kwenye basi, ya kutokula vya kuuziwa dirishani, mama yako ameshayasema na atayarudia kesho stendi. Huko mimi sina la kuongeza.

Naandika kwa sababu juzi ulisema neno. Tulikuwa tunakula, ukalisema kana kwamba unaomba chumvi: "Baba, naweza kuwaambia wa Arusha nije mwakani." Mama yako akaangalia sahani. Mimi nikajitia hamnazo, na kwa kuwa siku hizi kweli sisikii vizuri, hakuna aliyenishuku. Lakini neno lile nililisikia lote. Najua halikutoka kwa kuogopa baridi. Umeitwa kwenye studio yenye mashine za valvu, zile za taa za kioo kama yetu, ukuta mzima, kazi uliyokuwa ukiiota tangu unavaa sare za shule, na watu wale hawatakaa mwaka mzima wakikungoja wewe. Watachukua mwingine. Ulitaka kuiacha kazi hiyo kwa ajili ya masikio yangu.

Tuanzie kwenye penseli basi, maana ndipo uliponikamata.

Kila tukimaliza kazi kubwa huwa tunazipima valvu. Unagonga kila moja taratibu kwa ncha ya penseli, mimi nimevaa hedifoni nasikiliza. Ile nzima inatoa kishindo kidogo tu halafu kimya. Ile inayochoka ndani inalia kama kengele ya baiskeli iliyo mbali. Mlio huo nilikufundisha mimi, enzi ambazo hukuweza kuifikia meza bila kupanda kreti la soda. Sasa mwaka huu, wakati ukungu umeshika mpaka mlangoni, ulikuwa unagonga nami nasema, "Hii nzima. Hii nzima." Ukafika ya tatu ukaniuliza, "Umeisikia hiyo, Baba?" Nikajibu, "Ndiyo, inalia kidogo." Niliponyanyua macho nikakuta penseli yako iko hewani. Valvu hukuwa umeigusa.

Hukucheka. Uliiweka penseli mezani ukaenda kuchemsha chai, na chai yenyewe ukaitia sukari nyingi kama ya mgonjwa. Ningependa ungenicheka, Tekla. Kicheko chako nimekizoea. Ile chai ndiyo iliyoniumiza.

Tangu siku hiyo wewe unasikiliza na mimi nashika penseli, na hatujawahi kulizungumza. Kwaya zinatoka humu zinasema fundi ana masikio ya paka, kumbe paka mwenyewe ni wewe. Wala masikio haya sikuibiwa na mtu. Nilikodisha muziki kwenye harusi na sherehe za unyago kuanzia hapa Newala mpaka Kitangari, nikasimama ubavuni mwa spika kutwa kucha, nikijiona mwanamume. Mzee Chitanda, yule fundi redio wa Masasi aliyenifunza kazi hii na kuniachia mashine hii, aliniambia niweke japo pamba. Nikamwona mwoga. Yeye alikufa bado anawasikia panya darini wakigombana.

Watu wakiingia humu huniuliza kwa nini nahangaika na mashine ya kizamani, yenye taa za kioo zinazowaka rangi ya makaa, wakati kila mtu Newala ana simu inayorekodi. Jibu la kisomi sina. Naona tu kwamba sauti ikipita kwenye valvu hutoka imeiva, kama muhogo uliopikwa kwa moto mdogo. Halafu, nisijisifu bure, ndiyo mashine niliyokuwa nayo. Tulimpa jina la Bibi kwa sababu hataki kuamshwa kwa haraka, analalamika ukungu ukiingia, na ukimfunika kabla hajapoa anazira. Hilo la kumfunika nililijua kwa kumuunguza. Mvua ilikuwa inanyesha, bati linavuja, nikamtupia blanketi akiwa bado wa moto ili nimkinge, na blanketi likamfanyia ubaya zaidi kuliko mvua. Ndiyo maana leo nangoja.

Na ule mtindo wako wa kutembea mkono mmoja mfukoni, ambao bibi zako husema si wa msichana, ulianzia humu. Mzee Chitanda alinipa sheria moja tu ya kumfungua Bibi: mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni, hata kama umeshachomoa waya ukutani, maana umeme hubaki humo ndani umejibanza. "Ntu mwenye haraka asiguse taa hizi," alikuwa akisema. Nilimsikiliza mpaka siku niliyokuwa na haraka. Nilitupwa mpaka kwenye ule mlango, nikaamka nimeng'ata ulimi. Wewe ulikuwa umesimama pale unanitazama, ukanyanyua mkono wako mdogo ukautia mfukoni mwa gauni, na haujatoka mpaka leo. Sina wasiwasi na mikono yako huko uendako.

Wasiwasi wangu uko kwingine, na ili niuseme lazima nipitie kwenye salfa. Hadithi hii umeisikia kwa mama yako, naye ameisimulia kwa haki. Upande wangu hujausikia kwa sababu sijawahi kuusema.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mwaka ule salfa, ile poda ya kupulizia mikorosho, ililetwa mapema, kabla miti haijaanza kuchanua, na unajua salfa ikifika huku hailali nje. Kuna wanaoilaza chini ya kitanda. Mimi nilikuwa na chumba kimoja chenye bati zima, sakafu ya saruji na kufuli la maana, nacho ni hiki. Nikaipanga mifuko nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwa Bibi, nikajiona nimewapiga chenga wezi wote wa mji. Chumba kimezibwa magodoro kila ukuta ili sauti isipite, kwa hiyo hewa nayo haipiti, na Bibi akiwaka anatoa joto kama jiko. Salfa ikakaa kwenye joto hilo wiki kwa wiki. Harufu yake niliisikia kila nikifungua mlango, na sikuifikiria hata kidogo, kwa sababu msimu ule Newala nzima inanuka salfa, mpaka mablanketi, mpaka mboga.

Ikaja siku ya kurekodi kwaya yetu. Mama yako ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Sisemi kwa kuwa ni mke wangu: alipoanza wimbo, hata wanaume waliobaki nje ya kanisa kupiga soga walizima sigara wakaingia. Alisimama pale mbele ya maiki, wewe umelala mgongoni, akafungua kinywa, na mashine ikakwaruza. Nikabadili waya. Nikabadili maiki. Nikamsimamisha mwingine mwenye sauti ndogo, mkwaruzo ukapungua. Akirudi mama yako, nao unarudi. Humu ndani joto, wanakwaya wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo, mwalimu wao anatazama saa, na mimi jasho linanitoka kwa sababu nilikuwa fundi mpya na nilitaka nionekane fundi.

Nikasema mbele ya wote, "Mama Tekla, tatizo ni wewe. Sauti yako ina mikwaruzo. Kapumzike, aingie mwingine."

Hakukasirika hapo hapo. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akisikiliza maji ya bati yanavyoingia kisimani mvua ikinyesha, akaniambia kwa upole, "Baba Tekla, mkwaruzo huo nausikia hata nikinyamaza. Umo ndani ya mashine. Sikiliza."

"Fundi hapa ni nani?" nikamuuliza.

Kwaya nzima ikatazama sakafu. Akavua hedifoni, akaiweka juu ya kiti hiki nilichokalia, akakukaza vizuri mgongoni, akatoka. Nilirekodi nyimbo zote na yule wa sauti ndogo. Mkwaruzo ulikuwepo bado, ila mdogo, nikajidanganya kwamba hausikiki.

Mzee Chitanda alipopanda kutoka Masasi kuja kunijulia hali, hakufika hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni akanusa. Akaenda kwa Bibi aliyekuwa amepoa, akachomoa valvu moja, akaigeuza. Ile miguu yake midogo ya shaba ilikuwa myeusi kama njiti za kiberiti zilizoungua. "Umelaza salfa na mashine chumba kimoja?" akasema. "Wewe ntu wa kwenye mikorosho, hujui salfa inavyokula shaba?" Akatoa penseli mfukoni, akaigeuza upande wa raba, akasugua mguu mmoja mmoja mpaka ukang'aa, kisha akapangusa matundu yake kwa spiriti. Basi. Hakukuwa na kazi nyingine. Nikamsimulia habari ya mama yako, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema sauti ndogo inaweza kupita mahali palipoharibika bila kupatikisa, ila sauti yenye nguvu inapatikisa, na ndivyo ubovu unavyojulikana. "Aliyekuonyesha ugonjwa ndiye uliyemfukuza," akasema, akaniomba maji ya kunywa.

Bibi alipona siku ile ile. Mimi nikaingia jikoni nikasema, "Mama Tekla, mashine imetengemaa. Unaweza kuja." Sikusema nimekosa. Nilitamka "mashine imetengemaa" kwa sauti ya kuomba radhi, nikaona inatosha. Akajibu, "Hongera," akaendelea kutwanga.

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na mimi msemo huo nimeuegemea miaka yote kama ukuta wa jirani. Ni kweli hakuniacha. Anaimba kanisani, anaimba shambani akiokota korosho, anaimba akichota maji. Humu hajaimba tena. Umekua ukimwona analeta chakula anasimama kizingitini, ukadhani ndiyo kawaida yake. Ulipomuuliza kwa nini haingii alikwambia, "Mna joto humo." Alikustahi wewe, na alinistahi mimi, na mimi nilimwacha anistahi kwa sababu ilikuwa rahisi. Nimerekodi kwaya za Chilangala, kaswida za Kitangari, wazee wenye marimba, watoto wa shule, karibu kila mwenye koo katika uwanda huu. Sauti ya mama yako sina. Hilo ndilo linaloniuma nikikaa humu peke yangu, wala haliniumi kidogo.

Sikuhubirii. Wewe una akili zaidi yangu nilipokuwa na umri wako, na una masikio. Nasema tu kwamba huko Arusha itafika siku kitu kitakwaruza, chumba kimejaa watu, na itakuwa rahisi kumtazama mtu kabla ya kuitazama mashine. Huenda utakosea, kila mtu hukosea. Ukishajua kwamba umekosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maneno yenyewe. Usilipeleke kwa kuzungukazunguka kama nilivyolipeleka mimi jikoni.

Sasa nirudi kwenye lile neno lako la mwakani, na hapa nisikufiche. Nililifurahia. Nilikaa na sahani yangu nikafurahi moyoni kama mwizi. Niliwaza, mwaka mmoja tu, naye atanisikilizia, na wateja hawatajua, na mimi nitapumzika. Nimechoka, Tekla, na mtu aliyechoka hukubali kubebwa na yeyote, hata na mtoto wake mwenyewe. Furaha hiyo ilinikaa mpaka asubuhi ya leo, uliponiamkia mara mbili nisikusikie ukaenda zako. Niliona utakavyokuwa unaniamkia hivyo hivyo mwakani, na mwaka wa pili, huku unazeeka ukiwa umesimama pembeni ya Bibi, na mimi nakuangalia nasema hii nzima, hii nzima.

Ndipo nikamwendea mama yako. Alikuwa amekaa pembeni ya kisima anachambua mbaazi. Nikachuchumaa. Magoti yalilia hata mimi nikayasikia.

"Mama Tekla."

"Abee."

"Siku ile ya kwaya nilikosa. Haikuwa sauti yako, ilikuwa salfa yangu. Na nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

Aliokota mbaazi mbovu akaitupa. "Hilo nalijua tangu siku ile. Leo unaniambia kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Sisikii."

"Hilo nalo nalijua."

Nikamweleza yote, habari ya penseli hewani na ile chai ya sukari nyingi. Nikamwambia Tekla anataka kubaki, na akibaki kazi inakwenda kwa mwingine, na sina haki ya kumzuia mtoto kwa kuwa mimi nilikuwa mkaidi mbele ya spika. "Naomba masikio yako," nikasema, "ili aende."

Aliendelea kuchambua mbaazi, mpaka nikadhani amejibu na mimi sikusikia. Kisha akasimama, akakung'uta kanga, akaenda kunawa mikono bila kuambiwa. Akavuka kizingiti. Akakaa hapa, akavaa hedifoni, akainamisha kichwa.

Nikagonga ya kwanza. "Nzima," akasema. Nikagonga ya pili. "Nzima." Nilipofika ya tatu nikafanya kama ulivyonifanyia wewe. Nikaishika penseli hewani, nikamuuliza, "Umeisikia hiyo?"

Hakuinua hata kichwa. "Hujagonga," akasema. "Gonga basi nisikie."

Nikagonga. Akakunja uso. "Hii ina kengele."

Nikajifanya nimeangusha bisibisi nikaingia chini ya meza kuitafuta, nikakaa huko mpaka uso ulipokauka. Ile valvu nimeitoa na nimeweka ya akiba. Mama yako alivua hedifoni akaniambia nisipate kichwa kikubwa. "Masikio nakuazima," akasema. "Sauti, hiyo bado." Nikamwambia nimeelewa. Akasema hapana, nimesikia tu, na hata kusikia kwenyewe ana mashaka nako.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Mwakani hakuna. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako nimetia penseli ya Mzee Chitanda, ile fupi yenye raba iliyoliwa upande mmoja. Mimi nitatumia nyingine, penseli haziishi. Mungu akufikishe, akulinde, na akupe watu wa kukwambia ukikosea.

Bibi amepoa sasa, nimeshamfunika. Mama yako amesimama mlangoni anasema chakula kiko tayari na kwamba hii ni mara ya tatu ananiita.

Kesho basi likianza kuondoka, najua utafungua dirisha useme kitu. Mimi sitasikia, injini zile zinanishinda. Lakini wewe sema tu. Mama yako atakuwa amesimama pembeni yangu, ataniambia ulichosema.

Baba yako